Kijitabu cha michoro kwa wanafunzi wanaokwenda kusoma nje: ukubwa, uchoraji na uchapaji hapa Kigoma

Mwisho_wa_Reli (Kigoma)

Wadau, habari za kazi. Kikundi chetu kinaandaa kijitabu cha michoro kwa vijana wa mkoa huu waliomaliza kidato cha sita na kupata nafasi katika vyuo vya nje. Toleo hili litahusu nchi tatu tu: China, India na Ujerumani. Maandishi yako tayari kwa Kiswahili, kama maneno 6,000. Mchoraji tunaye, anachora kwa mkono kwenye karatasi. Tunataka nakala 300 zichapwe hapa hapa mjini, ndani kwa mashine ya Riso (ya kudurufu nakala nyingi kwa wino) na jalada kwa printa ya rangi ya steshenari.

Naomba ushauri kwenye mambo matatu. Kwanza, ukubwa wa kijitabu na idadi ya kurasa. Pili, kipi kichorwe na kipi kibaki maandishi, maana mchoraji anataka kuchora kila kitu. Tatu, mambo yanayobadilika kila mwaka, kama ada za viza na kiasi cha fedha kinachotakiwa benki, tuyaweke wapi ili kijitabu kisizeeke kabla hakijasomwa?

---

Mzee_wa_Kurasa (Kigoma, Mwanga)

Ndugu, anza na karatasi, maneno yafuate. Chukua A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati (mm 148 kwa 210). Inaingia kwenye mkoba wa mgongoni pamoja na bahasha ya vyeti, na kila mashine ya hapa mjini inaimudu. Ukubwa wa pasipoti unavutia kwa macho, lakini mchoro wenye hatua nne hausomeki humo.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Kwa herufi za pointi 10.5 na nafasi ya pointi 14 kati ya mistari, ukurasa wa A5 unabeba takriban maneno 250. Maneno yako 6,000 yatakula kurasa 24. Weka kurasa 20 za michoro na 4 za yaliyomo na fomu za kujaza, zinakuwa 48. Hizo ni karatasi 12 kwa kila nakala, bila jalada. Usizidishe sana hapo: kurasa zikipita 64 za karatasi ya gramu 80, kijitabu cha pini hakilali, kinajifungua chenyewe.

Kwa nakala 300 chapa 320, kwa sababu karatasi nyingine zitakwama, nyingine zitapinda. 12 mara 320 ni karatasi 3,840. Nunua rimu 8.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe idadi ya kurasa zote ukiongeza moja. Kwako ni 49. Karatasi ya nje kabisa ina 48 na 1 upande mmoja, 2 na 47 upande wa pili. Inayofuata ni 46 na 3, kisha 4 na 45. Endelea hivyo hadi katikati, 24 na 25. Kabla ya kutengeneza masta (kiolezo ambacho Riso huchapia ukurasa) hata moja, kunja karatasi 12 tupu, andika namba kwa kalamu, kisha zifumue utazame zilivyokaa. Hiyo ndiyo ramani yako, ibandike ukutani karibu na mashine.

Riso ina tabia zake. Haifikishi wino ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo pambizo za nje ziwe angalau sentimita 1 na pasiwe na mchoro wa kumwagika hadi mwisho. Wino wake hunywewa na karatasi, haukauki juu kama rangi ya ukutani. Tumia karatasi ya kawaida isiyong'aa, chapa upande wa kwanza wa kazi yote, iache ilale hadi kesho yake, ndipo ugeuze. Ukigeuza papo hapo, upande wa kwanza utaacha madoa kwenye roli na kwenye karatasi inayofuata. Maeneo makubwa meusi tii yaepuke kabisa. Hutoka na mabaka na kuchafua vidole vya msomaji.

Jalada: karatasi ya gramu 200 hadi 250. Ipitishe kwenye trei ya mkono, si ile ya chini, vinginevyo itakwama. Rangi nzito isipite kwenye mkunjo, kwa sababu poda ya printa ya leza hupasuka pale na kuacha mstari mweupe. Kabla ya kukunja, chora mfereji kwa rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino.

Pini mbili, kama sentimita 5 kutoka juu na 5 kutoka chini, zikipigwa kutoka nje ili miguu yake ifungie ndani. Hapo unahitaji stapla yenye mkono mrefu. Karatasi za katikati zitachomoza nje kidogo, kama milimita moja na zaidi kwa karatasi 12, na utazikata mwishoni kwa mashine ya kukatia. Ndiyo maana namba za kurasa ziwe chini katikati. Ukiziweka pembeni kabisa, baadhi zitakwenda na kisu.

---

Dada Kalamu (Ujiji)

Mzee wa Kurasa amemaliza upande wa mashine, shikamoo. Mimi niseme na mchoraji.

Kaka, asichore kila kitu. Achore pale ambapo mwanafunzi atasimama peke yake, mikono imejaa, na hana wa kumuuliza kwa Kiswahili. Dirisha la uhamiaji. Mkanda wa ukaguzi wa mizigo. Mashine ya tiketi ya treni. Soketi ya ukutani bwenini. Ada, sheria na ushauri wa nidhamu havichoreki. Vikilazimishwa vinatoka michoro ya watu wamekaa mezani wakinyoosheana vidole, na ukurasa umeliwa.

Kila mchoro uonyeshe anachokiona msafiri, kutoka urefu wa macho yake. Kumchora kijana kwa mbali akiwa amesimama mbele ya mashine hakumfundishi kitu. Chora uso wa mashine yenyewe, kidole kikubwa kuliko uhalisia, na kitufe kinachobonyezwa. Kisanduku kimoja, tendo moja. Visanduku visizidi vinne kwa ukurasa wa A5, vyenye namba kubwa, na maneno yasiyozidi 12 chini ya kila kimoja. Mshale uwe wa aina moja kijitabu kizima: ukitumia mshale kuonyesha mwelekeo wa kutembea, usiutumie tena kuonyesha jina la kitu. Kwa majina tumia mstari mwembamba wenye kitone. Alama ya X ya kukataza ikae kwenye kona ya kisanduku, isipite juu ya mchoro, maana ikipita inaficha kile kile unachotaka kisifanywe.

Wahusika wawili wanatosha, wa kike na wa kiume, na watofautishwe kwa umbo kwa sababu ndani hakuna rangi. Mmoja avae hijabu na begi la kitenge chenye maua makubwa, mwingine kofia na mkoba wa mgongoni. Msomaji awatambue hata kwenye kopi hafifu. Wenyeji wa nchi hizo wachorwe kama watu wa kawaida, bila kuwakejeli kwa macho wala mavazi.

Mifano ambayo nisingekubali ikosekane:

Ukurasa wa viza ya China ya masomo marefu, X1. Sehemu ya muda wa kukaa huandikwa siku 000, na kijana akiona hivyo anadhani viza imekosewa. Maana yake ni kwamba akishaingia lazima aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Chora viza, zungushia hizo sufuri tatu, weka maelezo pembeni. Kwenye namba ya pasipoti na ile mistari miwili ya herufi iliyo chini, jaza alama za x tupu. Usinakili pasipoti ya mtu halisi hata kwa mkono.

Pawabenki. Inakwenda kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopakiwa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh (wati-saa) 100. Zidisha mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Chora nyuma ya pawabenki, mahali maandishi hayo yanapokaa.

Asali na mafuta ya nywele. Kwenye begi la mkononi, kimiminika hakizidi ml 100 kwa chupa, na chupa zote ziingie mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, wa lita 1. Viwanja vichache vimeanza kulegeza, lakini chorea kanuni kali. Asali huhesabiwa kimiminika, na vijana wetu pamoja na wale wa Tabora hubeba. Kwa wa Ujerumani ongeza kwamba nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi, hata kidogo cha kula njiani.

Plagi. Yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii Ujerumani, ambako kuna matundu mawili ya duara, wala kwenye soketi ya kawaida ya China, yenye nyufa bapa. India ni miguu ya duara. Umeme wa nchi zote tatu ni volti 220 hadi 230 kama wetu, kwa hiyo anahitaji adapta ya umbo tu, si transfoma. Chora nyuso za soketi ili kwenye ukurasa uliochapwa zitoke kwa ukubwa wake halisi, ili aweze kuweka plagi yake juu ya ukurasa na kulinganisha.

Nguo za baridi. Usichore koti moja ukaandika "China". Harbin mwezi Januari hushuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, ilhali Guangzhou siku hizo hizo sweta linatosha. Chora tabaka tatu: ya ndani inayogusa ngozi, ya kati ya sufu, ya nje ya kuzuia upepo. Kando yake weka kipimajoto kinachoonyesha ni tabaka ngapi kwa nyuzi ngapi.

Vifaa: achore kwenye A4 kisha mchoro upunguzwe hadi asilimia 71 kuwa A5. Kalamu za 0.5 na 0.8. Ile ya 0.1 ikipunguzwa inabaki 0.07 na Riso haitaiona. Kivuli cha penseli hufa chote. Atumie mistari ya sambamba au vitone. Skani kwa dpi 600, na faili lisitumwe kama picha kwenye WhatsApp. Tuma kama dokumenti, vinginevyo litabanwa na mistari itatoka na mavumbi.

---

Mama wa Fomu (Kigoma)

Nijibu swali la tatu, kwani ndilo linaloamua kama kijitabu kitaishi mwaka mmoja au mitano.

Kijitabu kibebe mambo ya kudumu. Yanayobadilika yawekwe kwenye karatasi moja ya A5 isiyobanwa kwa pini, ikae kwenye mfuko wa jalada la nyuma. Mfuko wenyewe ni mkunjo wa jalada uliogundishwa pande mbili. Mwaka ukiisha mnachapa karatasi hiyo tu. Juu yake, kwa herufi nene: "Imehakikiwa mwezi… mwaka…", kabla hata ya kichwa cha habari.

Mfano unaoonyesha kwa nini: Ujerumani humtaka mwanafunzi aonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na wengi huziweka kwenye akaunti iliyozuiwa. Mwaka 2022 kiwango kilikuwa euro 10,332, mwaka 2023 kikawa 11,208, na Septemba 2024 kikawa 11,904. Kijitabu kilichochapwa na tarakimu ya kwanza kingempeleka kijana ubalozini na pungufu ya zaidi ya euro 1,500.

Ndani ya kijitabu andikeni utaratibu: akaunti hiyo ni nini, inafunguliwa kabla ya miadi ya viza, fedha hutolewa kwa kiasi maalumu kila mwezi baada ya kufika. Kiasi kikae kwenye karatasi ya mfukoni.

Muda wa mwisho wa kujiandikisha baada ya kufika nawashauri muuweke ndani, ukurasa mzima kwa kila nchi, maana hapo ndipo faini zinapotokea. China: asiyelala hotelini ajisajili polisi ndani ya saa 24, na chuo huwa kinasaidia kwa wanaokaa bwenini, lakini wajibu ni wa mgeni. India: mwenye viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 ajisajili ndani ya siku 14. Ujerumani: kusajili makazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Mchoro wa kalenda yenye visanduku vya kutia tiki unatosha.

Namba za dharura nazo zikae ndani ya kijitabu. China 110 polisi, 120 gari la wagonjwa, 119 zimamoto. India 112. Ujerumani 112 kwa wagonjwa na moto, 110 polisi. Msizipange kwenye jedwali moja la nchi zote tatu. Mtu aliye katika taharuki husoma mstari usio wake.

Kwa upande wa nyumbani: kutambuliwa kwa shahada za nje ni kazi ya TCU, cheti cha kuzaliwa ni RITA, vyeti vya kidato cha nne na sita ni NECTA. Ukurasa wa TCU uwe mapema, kabla ya ukurasa wa kulipa ada, ili mzazi ahakikishe chuo kabla ya kutoa fedha. Na kadi ya homa ya manjano iingie kwenye mchoro wa bahasha ya nyaraka. Wengi huipakia kwenye begi kubwa na kufika kaunta mikono mitupu.

Msimbo wa QR wekeni mmoja tu, kwenye ile karatasi ya mfukoni, usiopungua sentimita 2.5, wenye ukingo mweupe pande zote, na anwani fupi imeandikwa chini yake. Uelekee kwenye ukurasa mnaoumiliki ninyi. Ukielekea moja kwa moja kwenye tovuti ya ubalozi, siku wakibadilisha tovuti msimbo wenu umekufa.

---

Mwisho_wa_Reli (Kigoma)

Asanteni sana, nimenakili yote. Mawili yamebaki. Tunataka kadi ya kuchana yenye anwani ya chuo kwa maandishi ya Kichina na Kihindi, amwonyeshe dereva wa teksi. Tukijaribu kwenye Scribus, programu tunayopangia kurasa, Kichina kinatoka visanduku vitupu na Kihindi vokali zake zinakaa ovyo. La pili: saa. Tuandike za Kiswahili au za tiketi?

---

Unyanyembe (Tabora)

La maandishi kwanza. Visanduku vitupu maana yake fonti mliyochagua haina herufi hizo. Wekeni Noto Sans SC kwa Kichina na Noto Sans Devanagari kwa Kihindi. Vokali kukaa ovyo ni tatizo jingine: toleo la zamani la Scribus haliunganishi herufi za Kihindi inavyotakiwa. Hamieni 1.6, au andikeni anwani kwenye Inkscape (programu ya kuchora), ibadilisheni kuwa umbo badala ya maandishi, kisha iingizeni kama mchoro. Njia hii ya pili ni salama zaidi hata kwa steshenari isiyo na fonti hizo. Baada ya kutoa PDF, mtu anayesoma lugha hiyo aiangalie PDF yenyewe, si faili la mwanzo, kwa kuwa uharibifu hutokea wakati wa kutoa. Herufi ziwe pointi 16 au zaidi; dereva anasoma usiku. Na anwani inakiliwe kutoka barua ya udahili, isitafsiriwe na programu.

Saa: zote mbili, zikiwa zimechorwa. Fanyeni ukurasa wenye nyuso mbili za saa kwa kila mfano, moja ya tiketi na moja ya nyumbani. 14:20 ni saa 8 na dakika 20 mchana. 01:35 ni saa 7 na dakika 35 usiku, na hii ndiyo inayowaachisha watu ndege, kwa sababu mbili kwa pamoja. Kijana anaisoma kama saa moja na nusu hivi. Kisha anasahau kwamba tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku, wakati kwetu usiku ule tunauona bado ni wa jana. Ndege ya tarehe 12 saa 01:35 inamtaka awe uwanja wa ndege wa JNIA, Dar es Salaam, Jengo la Tatu, tarehe 11 saa 4 usiku. Chora ukanda wa usiku mmoja, jua likizama upande mmoja na kuchomoza upande wa pili, mstari wa kubadili tarehe ukiwa katikati, na ndege imekaa kulia kwa mstari huo.

Kisha rudini nyuma kwenye ukanda huo huo hadi stesheni ya Kigoma. Anayetoka huko kwa treni, akipita kwetu Tabora, asipange kufika Dar siku ya ndege. Aache siku mbili kamili katikati, kwa sababu treni ikichelewa tiketi ya ndege haimsubiri.

Ongezeni tofauti ya saa ya kupigia simu nyumbani: China iko mbele yetu kwa saa 5, India kwa saa 2 na nusu. Ujerumani iko nyuma kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi, wakibadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

---

Dada Kalamu (Ujiji)

Ule ukanda wa usiku ni mzuri, uende kurasa 24 na 25. Hizo ndizo pekee ambazo mchoro unavuka mkunjo ukiwa kwenye karatasi moja. Kwingine kokote nusu mbili zitachapwa kwenye karatasi tofauti na hazitakutana sawasawa. Ila hata hapo msiandike neno juu ya mkunjo, pini zinapita.

Na ramani: msichukue picha za Google. Tumieni OpenStreetMap (ramani huru ya mtandaoni) kama msingi, mchoraji aichore upya kwa mistari michache, na chini muandike chanzo kama leseni yao inavyotaka.

---

Mzee_wa_Kurasa (Kigoma, Mwanga)

Kabla ya masta za Riso, tengenezeni nakala tatu za majaribio kwa printa ya kawaida, zikunjwe na kupigwa pini kabisa. Wapeni vijana watatu wa kidato cha sita ambao hawajasikia habari zake. Msiwaulize kama wamekipenda, watasema ndiyo kwa adabu. Wapeni kazi: "Tiketi inasema tarehe 12, 01:35. Unatoka Kigoma siku gani?" "Hii pawabenki inaruhusiwa?" "Umefika chuoni Guangzhou Jumatatu saa 3 usiku, mwisho wa kujisajili polisi ni lini?" Kaeni kimya, mtazame kidole kinaishia ukurasa gani. Wawili wakikwama mahali pamoja, mchoro huo urudi kwa mchoraji.

Halafu toeni kopi ya ukurasa wa viza na wa soketi, na kopi ya kopi hiyo. Vijana watadurufu kijitabu hiki mkitaka msitake. Zile sufuri tatu zikiwa bado zinasomeka kwenye kopi ya pili, pelekeni kazi mashineni.